Sungura wa Da-on na Swali Lake

Darasa letu la tatu lina wanafunzi wawili: Da-on, mwenye miaka tisa, na mimi Bok-rye, mwenye miaka sabini na tisa. Nikikohoa, nusu ya darasa inaumwa. Shule ilikuwa ifungwe kwa kukosa watoto, mwalimu mkuu akaja kupiga magoti mlangoni kwangu hadi magoti yakaota majani. Basi mimi, ambaye sikuwahi kukanyaga darasa maishani, nikaandikishwa la kwanza pamoja na Da-on. Hayo majani yaacheni. Mengine ni kweli.

Da-on anaishi na babu yake, mkulima wa vitunguu, mzee ambaye akisema maneno matatu kwa siku moja ujue ni sikukuu. Baba alishafariki. Mama aligombana na mzee, akaondoka Da-on akiwa na miaka mitano, akaenda kisiwa cha Geoje kupika kwenye kantini ya watengeneza meli. Mwanzoni alikuwa akipiga simu. Halafu namba ikafa, mwaka wa pili sasa.

Wakati wa mapumziko Da-on hufunga ncha moja ya kamba kwenye mlingoti wa bendera, mimi nazungusha ya pili, yeye anaruka. Siku nikienda hospitali kutazamwa magoti yangu, mwalimu huniambia kwamba Da-on huizungusha kamba peke yake, na hakuna anayeruka.

Kila Jumanne anakuja Mwalimu Pyo kutoka mjini na tableti zake. Anatufundisha kupanga vipande vya rangi vyenye amri, kimoja juu ya kingine, ili sungura wa kwenye kioo atembee. Wangu alitembea akatoka nje ya kioo, mpaka leo hajarudi. Wa Da-on anauliza maswali, ukikosea anakunja masikio.

Jumanne ile Mwalimu Pyo alifundisha habari za wezi wa kwenye simu.

"Ukiletewa ujumbe, 'Mama, simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba yangu mpya,' utafanyaje, Bibi Bok-rye?"

"Nitamuuliza, mwanangu, umekula?"

"Bibi! Umeshaibiwa!"

"Kwani mwizi hali, Mwalimu?"

Da-on akanyoosha mkono. "Usijibu. Usipige hiyo namba. Izuie, halafu mwambie mtu mzima."

Akapewa nyota.

Alhamisi, tukiwa tumemaliza chakula cha mchana, Da-on akanisogezea simu yake. Mtu mzima aliyekuwa karibu, kwa bahati mbaya, ni mimi. Nikasoma herufi kwa herufi: Da-on, ni mama. Simu ya zamani iliharibika. Hii ndiyo namba yangu mpya.

"Ni maneno yaleyale ya Mwalimu," akasema.

"Mpigie usikie sauti basi."

"Siku hizi sauti zinaigizwa, Bibi. Na yake siikumbuki."

Nilijua: akiizuia namba ile, na kweli ni mama, hakuna nyingine ya kumtafutia.

Da-on akavuta tableti. Akapanga amri zake haraka, kama mtu anayetandika kitanda, sungura akatokea na swali moja: Da-on hapendi kula nini? Jibu aliloficha ndani lilikuwa biringanya. Akautuma mchezo ule kwenye namba ile.

Baada ya dakika mbili likaja: Nimeandika matango. Sungura kanikunjia masikio. Mwanangu, ni mama.

"Mwizi," akasema Da-on, kidole juu ya kitufe cha kuzuia.

"Ngoja, we mtoto. Matango ulianza kuyapenda lini?"

"Hapa shuleni. Darasa la kwanza."

"Kabla ya hapo?"

"Nilikuwa nayatema."

"Na nani alikuwa anaokota ulichotema?"

Aliitazama sinia yake ya chuma, ambamo hamkubaki hata kipande kimoja cha tango, ameyala yote.

"Mwizi hajui ulichokuwa ukitema," nikamwambia. "Huyu anajua ya zamani tu."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Ni yeye."

Nilitegemea aruke. Hakuruka.

"Kwa hiyo hanijui," akasema.

Akaandika: Sasa nayapenda. Ile tarakimu ndogo ya moja pembeni ya ujumbe ikafutika, maana yake umesomwa. Tukasubiri. Kengele ikalia, hakuna jibu.

"Labda yuko jikoni, mikono ina unga," nikasema. "Geoje wanakanda unga kwa makoleo."

"Bibi, usinidanganye leo."

Da-on akainama akaanza kuandika tena, bila kungoja jibu. Sasa navaa miwani. Meno ya mbele yameota. Viatu ni sentimita ishirini na mbili. Darasani tuko wawili. Aliandika hadi mwalimu wetu akaingia, akatutazama, akatoka tena taratibu.

Nikakumbuka masomo ya Jumanne, nikamgusa bega.

"Mnapokaa usiandike, mjukuu wangu. Hata kama ni mama. Mwalimu alisema."

"Sihitaji kuandika," akasema Da-on. "Anapajua."