Goti Langu, Mikono ya Breki na Mayai ya Sadaka

Nianze na aibu yenyewe, asije mtu akasema nimeificha: mimi, Mama Paskali, mjane mwenye wajukuu saba, niliyewasema wanawake wa jumuiya yetu miaka na miaka kwa kukosa misa bila sababu, niliingia uwanja wa kanisa Jumapili moja nikiwa juu ya baiskeli, sketi imepanda magotini, napiga kelele za kusimamisha ng'ombe, na watu wote pale walikuwa wametoka kuniombea kwa kuwa mimi ni mgonjwa. Waliokuwepo wanajua, wasiokuwepo wameona kwenye simu. Sasa naandika mwenyewe, na darasa langu la nne hilo hilo, maana wanaosimulia wanaongeza chumvi (eti niligonga mbuzi, hapakuwa na mbuzi).

Baiskeli ni ya Theresia, mjukuu wangu niliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Anafua mashuka kwenye hoteli moja ya watalii pale Karatu mjini, na sisi tunakaa huku njia ya Endabash, kwa baiskeli ni mwendo wa saa nzima. Mzungu mmoja aliyekuja kuona Kreta alimwachia hiyo baiskeli aliposhindwa kuirudisha kwao. Ni nyepesi, unainua kwa mkono mmoja, lakini imeumbwa vibaya. Usukani wake umejikunja kwenda mbele na chini kama pembe za kondoo dume, na haina friwili, yaani gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka nalo, upende usipende, huwezi kupumzisha miguu hata kwenye mteremko. Halafu ile mikono ya breki, unayobonyeza kwa vidole, ilivunjika yote miwili siku baiskeli iliposhushwa kutoka juu ya gari. Kwa hiyo Theresia alikuwa anaisimamisha kwa kukaza miguu, anashindana nguvu na pedeli, na jioni akirudi naona miundi imechubuka, naye anashusha sketi nisione.

Siku moja tunakula, akasema bila kuniangalia, "Bibi, nimeona chumba karibu na kazini. Nafikiri mwezi ukiisha nihamie. Ule mteremko bila breki, ipo siku utanimaliza."

Nikamwambia, "Hama. Wewe ni mtu mzima."

Nikaendelea kula. (Ugali ule sikujua ulipita wapi.) Nyumba yangu ina vyumba vitatu, na watoto wote wameshakwenda, Paskali, baba yake Theresia, yuko machimboni mwaka wa ngapi huu, na yule msichana ndiye sauti pekee iliyobaki humo ndani ukiacha ya kuku. Lakini mimi sikuzoea kumwambia mtu kaa. Nilizoea kumwambia mtu fagia. Basi nikaamua kimoyomoyo kwamba breki nitamwekea mimi, bila kumwambia, na akishazikuta hatakuwa na sababu ya kuhama.

Tatizo ni kwamba baiskeli inashinda nyumbani Jumapili tu, siku ambayo Theresia anakwenda kanisani kwa miguu na wenzake wa kwaya. Na fundi wa karibu, Elia, mtu wa Singida aliyekuja kulima vitunguu akaishia kwenye spana, ni Msabato, kwa hiyo Jumapili kwake ni siku ya kazi. Nikaona mambo yamejipanga yenyewe. Asubuhi nikamwambia Theresia goti limekaza, siwezi kwenda misa, nikampa kikapu cha mayai ayatoe sadaka kwa niaba yangu. (Kwetu mazao ya sadaka, mahindi, maboga, kuku, yananadiwa uwanjani baada ya misa.) Ndio uongo wenyewe huo, mdogo, wa goti moja. Alipopotea kwenye kona nikatoa baiskeli nikaisukuma hadi kwa Elia, na goti halikusema kitu.

Elia akauangalia ule usukani, akachomoa kwenye kopo mikono miwili ya breki iliyotumika, imepinda, ina vichwa vikubwa vya mpira.

"Hii ndiyo ya usukani wa pembe, mama. Inakaa hapa kwenye kona. Mtu anashika kichwa chake, vidole vinashuka vyenyewe kwenye breki."

Akainama kunionyesha. Nikamwona mwanaume mzima amejikunja kama anapalilia. Nikawaza Theresia wangu ainame hivyo barabarani, na magari ya watalii yako nyuma yake.

"Hapana," nikasema. "Nipe ile inayong'aa."

Ile inayong'aa ilikuwa mipya, imenyooka, imening'inia kwenye msumari.

"Ile ni ya usukani ulionyooka."

"Iweke hapa katikati, pamenyooka."

"Bomba hili ni nene, mama. Mdomo wa breki ile ni mdogo, hautakubali."

"Upanue."

"Nikiupanua utapasuka. Mlete basi mwenye baiskeli, nione mkono wake."

"Mkono wake ni kama wangu. Elia, plau inashikwa kwa mikono iliyonyooka, na mimi nimeishika plau kabla mama yako hajaolewa. Weka."

Akaupanua ule mdomo, akaweka, akakaza nyaya, akafuta mikono yake polepole. Akasema, "Nimeweka, lakini sijakubali."

Hapo ningeisukuma baiskeli nikarudi nyumbani nisingekuwa na la kuandika. Lakini njia ya kurudi inateremka, na misa nilijua haijaisha, na marehemu mume wangu alikuwa na baiskeli nyeusi, mimi ndiye niliyekuwa naipeleka mashineni na debe la mahindi nyuma. Nikasema nijaribu kidogo tu, nisije nikampa mtoto kitu ambacho sijakijaribu. Nikakunja sketi, nikapanda.

Mwanzo palikuwa pazuri, sitadanganya tena. Upepo, harufu ya mbaazi, nikajiona nina miaka ishirini. Halafu mteremko ukanishika. Nikabonyeza breki ya kushoto, ikazunguka kwenye bomba kama pete kwenye kidole cha mgonjwa. Nikabonyeza ya kulia kwa nguvu zangu zote, ikasema ta, ikabaki mkononi mwangu, imetengana na baiskeli kabisa. Nikataka kupumzisha miguu, nikasahau kwamba baiskeli ile hairuhusu, pedeli zikanipiga miundi, nikarudisha miguu, na kuanzia hapo sikuwa naendesha mimi. Goti lile lile lililokaza asubuhi lilikuwa linapanda na kushuka kama cherehani. Akili ikaniruka. Nikaanza kuiamrisha baiskeli kwa jina la dume letu la plau, aliyekufa zamani.

"Kahawa, simama. Kahawa, hoo. Hoo, Kahawa."

Kahawa hakusimama. Geti la kanisa, pale chini mteremko unapoishia, lilikuwa wazi, na misa ilikuwa imekwisha.

Naambiwa wakati ule katekista alikuwa ameinua kikapu changu mbele ya watu na kusema, "Mayai haya ni ya Mama Paskali, tuliyemwombea goti leo." Mimi nilichokiona ni duara la watu linafunguka, kwaya inakimbilia huku, wazee wanakimbilia kule, na meza inakuja. Nikaigonga meza, meza ikamgonga katekista, jogoo akapaa, nami nikatua juu ya magunia ya mbaazi, na kikapu kikatua juu yangu.

Katekista akajiangalia mkono wa kanzu, unachuruzika ute wa yai.

"Mama Paskali," akasema, "naona Mungu amejibu upesi."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mama Yohana, ambaye mwezi uliopita tu nilimsema mbele ya jumuiya kwa kukosa misa mara mbili, akainama karibu yangu na sauti ya sukari. "Pole mama. Na goti linaendeleaje?"

Nikasema, "Nafuu."

Theresia akaja mbio na sare yake ya kwaya. Yeye hakucheka. Alipiga magoti kwenye mayai, akanipapasa kichwa, mabega, vifundo vya miguu, akachomoa sketi yangu kwenye mnyororo. Halafu akakikunjua kiganja changu, maana nilikuwa bado nimekishika kile chuma.

"Bibi, hii ni ya nini?"

Nilikuwa na jibu la ukali tayari, nimeshalipanga. Nikafungua mdomo likatoka lingine.

"Usihame."

Akanitazama.

"Nilitaka iwe na breki," nikasema, "ili usihame." Na watu wote wale wamesimama wanasikia, na Mama Yohana mbele kabisa.

Theresia akainamisha kichwa. Akavua kitambaa cha shingoni akanifuta yai kwenye sikio, polepole, kama nilivyokuwa namfuta yeye uji. "Ungeniambia siku ile tunakula, bibi."

"Nilikuwa natafuna."

Hapo ndipo alipocheka, na mimi ndipo nilipolia, nikasingizia vumbi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikwenda wote wawili kwa Elia. Elia ana adabu, alisogeza tu lile kopo. Theresia akaishika ile mikono iliyopinda, akaweka viganja juu ya vile vichwa vya mpira, na nikamtazama. Vidole vyake ni virefu, vyembamba, vya mama yake. Vyangu ni vifupi na vinene, kidole kimoja hakikunji. Na mimi nilikuwa nimesema mkono wake ni kama wangu, miaka yote ile namwona na sijawahi kuutazama. Wala hakujikunja kama nilivyoogopa. Alikaa kama mtu anayeegemea dirisha amsikilize mwenzake. Elia akakaza, mimi nikashika gurudumu lisizunguke, na zamu hii sikumfundisha mtu kazi.

Kwa padri nimeungama, naye akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mama Yohana simsemi tena. Asipokuja misa namwuliza habari za nyumbani. Na nimeapa mambo mawili: sitasingizia tena kiungo chochote cha mwili wangu, na sitamchagulia tena mtu kitu cha kushika kabla sijautazama mkono wake.

Kile chumba cha mjini kimepata mpangaji mwingine. Jioni Theresia anarudi, na mbele ya nyumba yetu ni tambarare, mtu hahitaji breki pale, miguu tu inatosha. Lakini akifika anabonyeza mara mbili, kwii, kwii, nisikie. Mimi niko jikoni, wala sitoki kumpokea. Naongeza tu unga kwenye sufuria.