Mikate Elfu Nyuma ya Maharusi

Siku ya kwanza alikuja kuomba takataka. Fundi Dari alikuwa ameinamia kalibu ya kumiminia ua la dari, plasta ya jipsamu imemfika viwikoni, aliposikia sauti ya kike mlangoni ikiuliza kama vipande vilivyovunjika pale nje vina mwenyewe.

"Kila kitu hapa kina mwenyewe," alijibu bila kugeuka. "Unavitakia nini?"

"Kuchonga. Maandishi ya Misri ya kale. Ndiyo ninayosoma chuo kikuu."

Hapo akageuka. Wasomi aliwajua: wanasheria, wahasibu, daktari wa meno aliyepunguziwa bei akataka apunguziwe tena. Anayesoma mambo ya Mafirauni alikuwa hajapata kumwona. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vimelika upande, begi limejaa fotokopi.

"Mama yako anajua?"

"Anajua. Majirani anawaambia nasoma uhasibu."

Mafundi waliokuwa wakipiga msasa wakacheka, na yeye akacheka nao. Fundi Dari alimpenda kwa hilo, lakini si kiasi cha kumpa kitu bure. Yeye mwenyewe alianza kazi kwa kukoroga jipsamu kwenye beseni la kufulia la mama mkwe wake, na alichojifunza tangu hapo ni kwamba anayekuja kuomba huwa ana cha kutoa, ila hajaulizwa. Akamuuliza. Wakakubaliana achukue vipande atakavyo, naye kila Jumamosi amchoree mapambo.

Wakamwita Msomi. Alichora kama watu wale wa kale: kwanza anapiga miraba kwa uzi uliochovywa rangi nyekundu, anachora kwa nyekundu, halafu anarudi na nyeusi kusahihisha makosa yake mwenyewe, ndipo anashika patasi.

"Wenzetu waligawana kazi," alieleza. "Mchoraji na nyekundu yake, bingwa wake na nyeusi, mchongaji nyuma yao. Kuna makaburi yaliachwa nusu, hadi leo unaona nani alikosea wapi."

"Na mwenye kaburi hakudai arudishiwe chake?"

"Alishakufa, Fundi."

"Wateja wazuri hao."

Tasnifu yake yote ilikuwa juu ya mgawanyo huo wa kazi. Alitaka kuonyesha kwa mikono kwamba yale masahihisho meusi hayakuwa urembo bali amri. Lakini profesa aliyemsimamia alimwambia vile vipande vya mezani ni vitu vya kuchezea watoto. Alete ukuta mzima, watahini wasimame mbele yake, wauguse. Akifaulu, idara ingemchukua awe mhadhiri msaidizi. Asipofaulu, jina lake linafutwa, maana muda wa nyongeza alishaumaliza.

"Ukuta mzima," alimwambia Fundi Dari akipangusa vumbi usoni. "Nitautoa wapi mimi?"

Fundi Dari alikuwa nao. Mama mmoja mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi alikuwa anamalizia ukumbi wa harusi, na kwa kuwa mshindani wake ng'ambo ya barabara alikuwa na nguzo za Kiyunani, yeye alitaka Misri. Mchoraji wa kazi ile ni ghali.

"Nakupa ukuta wa nyuma ya jukwaa la maharusi," alisema. "Lakini sikulipi."

"Sawa," akasema Msomi papo hapo.

Angekaza kidogo tu, angepata nusu ya malipo ya mchoraji, maana Fundi Dari alishaitenga kichwani. Lakini mtu mwenye shida ya kitu akiacha uso wake useme, anayeuza hana sababu ya kujipunja.

Mama Ukumbi, kama mafundi walivyomwita, alipitia fotokopi zote kama anayechagua kitambaa. Akaweka kidole kwenye moja yenye ndege, mikate na kichwa cha ng'ombe. "Hii. Inasemaje?"

Msomi akafungua kinywa, lakini Fundi Dari alishawahi kuelezwa maandishi yale, akamtangulia. "Mikate elfu, vinywaji elfu, ng'ombe na ndege elfu."

"Si ndiyo sherehe yenyewe? Na hapa mwisho niwekee jina langu."

Walipotoka nje Msomi alimshika Fundi mkono. "Yale ni maneno ya kaburini. Ni chakula anachoombewa marehemu. Na pale mwisho ndipo linapokaa jina la marehemu. Ukimweka pale, umemfanya maiti."

"Maiti anayelipa."

"Fundi, nina wimbo wa karamu kwenye begi hili hili. Twende tukamwonyeshe."

"Ukimrudisha kwenye karatasi ataanza kufikiri, na akifikiri ataona hata nguzo si mbaya. Nani atasoma? Watu pale wanatazama bibi harusi. Unautaka ukuta, huutaki?"

Msomi akafunga begi. "Nautaka."

Na alifanya kazi. Hata Fundi Dari, ambaye uzuri kwake ni kitu kisichodondoka, alikuwa akipita pale bila shughuli. Ndege walikaa kama wanataka kukohoa. Kona moja Msomi aliiacha haijachongwa, nyekundu na nyeusi zikionekana, kwa ajili ya watahini. Mama Ukumbi aliambiwa ndiyo mtindo.

Wiki moja kabla ya watahini kuja, profesa alialikwa ukumbini mle kwenye harusi ya binti wa dada yake. Alipewa kipaza sauti awape maharusi nasaha. Akautazama ukuta, akasema kwa fahari kwamba ile ni kazi ya mwanafunzi wake, na kwa mazoea ya miaka mingi darasani akaanza kuufasiri: sadaka anayotoa mfalme kwa Osiri, bwana wa wafu, mikate elfu, bia elfu, kwa ajili ya roho ya marehemu... Jina alilitaja kabla hajajua analotaja. Mwenye jina alikuwa meza ya mbele, ameshika glasi ya juisi.

Asubuhi Mama Ukumbi alikuwa karakanani. "Nani kaniua?"

Mafundi wakaangalia chini. Fundi Dari akajifuta mikono taratibu. "Mimi ni mtu wa jipsamu, mama. Kusoma anajua huyu."

"Nilikwambia, Fundi," alisema Msomi.

"Ulimwambia yeye," Mama Ukumbi akamkata. "Mimi ulinitazama machoni ukaniandika."

Msomi akaomba kitu kimoja: ukuta ufunikwe pazia tu, hadi watahini wapite, halafu ataubomoa kwa mikono yake. Mama Ukumbi alimgeukia Fundi Dari, na Fundi aliujua mtazamo ule. Ni wa mtu anayengoja upande wa pili useme neno. Angesema, "Siku chache tu, mama, pazia juu yangu," yule mama angenung'unika akakubali. Lakini mkataba wa dari ya ukumbi mdogo wa mama huyo ulikuwa bado haujasainiwa. Fundi Dari alikohoa, akaangalia kalibu zake.

"Ubomolewe leo," akasema Mama Ukumbi.

Picha Msomi alikuwa nazo, lakini watahini walisema hawakuahidiwa picha. Profesa, aliyeaibika mbele ya ukoo mzima, hakupokea simu. Muhula uliofuata jina la Msomi lilifutwa.

Mama Ukumbi alipata mawaridi ya jipsamu ukuta mzima, na wateja wakarudi baada ya watu kuchoka kucheka. Fundi Dari alipata mawaridi yale na dari ya ukumbi mdogo. Mchoraji hakupata tena. Mafundi wake wakipiga mstari, macho hayahitaji kipimo kuona umeenda kombo, na kazi za kuchora sasa anazikataa.

Alimkuta Msomi mara moja tu, kwenye duka la kuchapa karibu na lango la chuo, akiwachapia watu tasnifu zao. Fundi alikuwa amepeleka barua ya zabuni ichapwe.

"Rudi Jumamosi," alimwambia. "Safari hii nakulipa."

"Nakala ngapi?" akauliza Msomi, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Mbili."

Akachapa, akataja bei. Fundi Dari akalipa, akaondoka. Barua ilikuwa safi, haina kosa hata moja, hata yale ya Fundi mwenyewe yamesahihishwa, na ile zabuni akaishinda.