Blanketi la Betri

Baba alikuwa amekubali. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Miaka minne nilimbembeleza ahame Muyinga kwa mdogo wangu, aje tuishi wote kwangu Gitega, mtaa wa Musinzira, kwenye nyumba yenye chumba nilichompakia rangi kwa mikono yangu. Miaka minne akanijibu kwamba anafikiria. Julai ile akafunga mzigo wake, akapanda gari langu, na mafuta yakatuishia kabla hatujatoka mjini.

Tukalisukuma hadi kituoni, tukapanga foleni ya kusubiri lori la mafuta kama watu wote. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Kulala hakukunitisha, maana gari lenyewe ni la kulala ndani: lina kitanda, taa, na friji ndogo ya chanjo za kuku ninazouza vijijini. Vyote vinategemea betri moja ya lithiamu, na betri hiyo nilikuwa naiheshimu kupita kiasi. Karatasi yake ya Kifaransa ilionya: ikinge na baridi. Nilikuwa nimeisoma mpaka imechanika.

Jioni ya pili upepo wa kiangazi ukaanza kukata masikio. Blanketi tulikuwa nalo moja. Nikalikunja mara mbili, nikaifunika betri, nikachomekea pembeni vizuri kama mtu anayemlaza mtoto mchanga.

Baba alikuwa ameketi kitandani, koti kalifunga vifungo vyote.

"Hiyo kitu iko inasikia baridi?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba. Ikipigwa na baridi inakufa."

"Ah bon, kumbe," akasema, akajilaza akielekea ukutani.

Nililala usingizi wa pono, mpumbavu mimi. Asubuhi nikampigia simu Mhindi wa Gitega aliyeniuzia betri, nimtambie jinsi ninavyoitunza. Akacheka hadi akakohoa. "Rafiki yangu, hiyo ni baridi ya Ulaya, kule maji yanakuwa barafu barabarani! Ya kwetu haiifanyi kitu."

Nikageuka nimweleze baba, tucheke pamoja. Alikuwa ameshashuka. Midomo ilikuwa imempauka kwa baridi, naye alikuwa akifunga mzigo nyuma ya baiskeli ya kukodi.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Narudia kwa mudogo wako."

"Mafuta ndiyo hayo yanaingia! Na chumba nimeshakuandalia."

"Kwako kuko vitu mingi ya kutunza, mwanangu. Mi nitakuwa wa ngapi?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Mwenye baiskeli akaanza kukanyaga. Barabara ile inapanda, walikwenda taratibu. Ningekimbia kidogo tu ningewafikia. Lakini lori la mafuta lilikuwa limekwisha kuingia, mbele yangu yalibaki magari mawili, na wa nyuma alikuwa ananipigia honi. Nikaachia breki, nikaipa mgongo barabara, nikalisukuma gari mbele.