Sitaki Kuwa Mugomba

Baba yangu alikuwa muzee wa maneno machache, lakini kulikuwa na moja ambalo hakuchoka kulirudia: "Mimi sitaki kuwa mugomba."

Kwetu, mu vilima vya Djugu, watu wetu tunawazika nyuma ya nyumba, mu parseli yenyewe, ili tukitoka asubuhi kwenda shamba tuwapitie na kuwasalimia. Mutu akifa na maiti isionekane, tunakata mugomba, tunauvika nguo zake, tunauzika mahali pake na kuulilia. Kaka wa baba alizama upande wa Mahagi-Port, alikokwenda kununua samaki, na ziwa halikumrudisha. Baba, kijana wa wakati ule, njo yeye aliyebeba ule mugomba begani. Alisema ulikuwa muzito na ulimtiririkia maji mpaka kifuani. Watu wote walipiga kelele za kilio, isipokuwa bibi, mama yake. Bibi aliuangalia tu, halafu akauliza: "Huyu ni nani munaniletea?"

Wakaushusha tu kaburini, wakafukia. Bibi naye alipokufa, wakamulaza kando ya ule mugomba, na baba akachagua nafasi yake mwenyewe, upande wa pili wa mama yake. Alikuwa akiing'olea majani kila msimu. Halafu vita vikatutoa kule na tukateremuka Bunia na masufuria na godoro moja, tukapanga nyumba mu mutaa wa Ngezi. Ile nafasi ikabaki bila mutu wa kuing'olea majani.

Mimi nikasoma. Nikaingia kwenye chuo, upande wa mipango ya miji. Siku moja profesa akatangaza kwamba kutakuwa na zawadi kwa mwanafunzi atakayeandika utafiti bora juu ya mji wetu. Wenzangu wakakimbilia barabara, mitaro, vumbi, soko. Mimi nikasema nitaandika juu ya makaburi. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Weye nawe! Mji haujamaliza kupanga wazima, weye unaanza na wafu?"

"Wazima wanaweza kuhama," nikawajibu, na kusema kweli nilikuwa nimekasirika. Wao wote walikuwa na watu waliozikwa karibu. Mimi nilikuwa na baba anayekohoa chumba cha pili, na njia ya kwetu iliyokuwa ikifunguliwa na kufungwa kila risasi zinapolia.

Nikazunguka makaburi ya mji na viatu vyangu vya chuo. Wachimbaji wakaniambia wazi: hakuna nafasi tena, ukichimba hapa unakuta mbao, ukichimba pale unakuta blanketi. Mimi nikarudi nyumbani nikaandika kwa Kifaransa, superposition, maana yake mutu juu ya mutu. Kifaransa kinajua kuvalisha kidonda shati jeupe. Waamuzi wa zawadi, juri, walilipenda sana lile neno. Walilirudia mbele ya watu kama vile mimi njo nililizaa.

Na nikatafuta suluhisho, kwa sababu utafiti bila suluhisho haupati kitu. Niliona uwanja mukubwa pembeni ya mji, ukishika njia ya Marabo. Majani na mbuzi tu, na maji ya chini yako mbali. Nikauchora vizuri na geti lake, vijia vyake na miti ya kivuli, na nikaupaka rangi ya kijani.

Nikashinda.

Siku ya zawadi, baba alikuja na moto, pikipiki ya kukodi, amevaa koti lake la kanisa ambalo sasa lilimupwaya. Mukubwa wa juri akasimama na kusema: "Huyu binti ametupatia siye wote mahali pa kulala!" Watu wakacheka na kupiga makofi. Sitadanganya, nilifurahi. Nilifurahi mpaka machozi. Nikamutafuta baba kwa macho, na mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

Pamoja na cheti walinipa ule muchoro wangu, umechapwa mukubwa juu ya bashi, turubai la plastiki, kama matangazo ya maduka. Nikautundika sebuleni. Tulikuwa tunakula maharagi na mawese, na baba akasimama kuuangalia kwa karibu. Akaweka kidole.

"Hapa pa kijani, ni nini?"

"Makaburi mapya, baba."

"Njo hapa utaniweka?"

"Apana, baba. Weye nitakupeleka kwetu, kwa mama yako."

"Uniambie tena."

"Nitakupeleka kwetu."

Akatoa kidole. Kilikuwa na mawese, na mafuta yakabaki pale juu ya kijani, doa jekundu. Mama akamugombeza: "Ona sasa, muzee! Kitu cha zawadi ya mutoto!" Baba akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Haikupita muda, vilima vikaanza tena kulia. Watu wakateremuka na magodoro kichwani, na watoto mugongoni. Wale waliotangulia kufika mjini walijaza kila pahali, basi hawa wakaenda palipobaki wazi. Nilienda kuona. Uwanja wangu ulikuwa umejaa vibanda vya plastiki mpaka mwisho. Pale nilipochora geti, mama mumoja alikuwa anapika sombe. Jamani, ningemwambia nini? Mama, ondoka, hapa ni pa wafu? Akanisogezea kiti kidogo, akaniuliza kama niko na habari za kwao. Kwao kulikuwa karibu na kwetu. Sikuwa na habari.

Baba akafa juma lile lile, asubuhi, mama akiwa anamupa uji.

Baba mudogo wangu alizunguka kila parking ya moto kutafuta mutu wa kutubebea maiti mpaka kwetu. Wote walikataa, na hata wale wenye njaa walikataa. Muzee mumoja wa parking akamwambia kwa upole: "Ndugu yangu, ukipeleka mumoja, mutarudi wangapi?" Nikasema nitaenda mwenyewe, na miguu. Nikapiga kelele, nikatukana kila mutu pale mbele ya nyumba, hata Mungu. Mama akanishika mukono. "Nyamaza. Nikuzike na weye?"

Tukamupeleka makaburi ya zamani. Wachimbaji walikuwa wale wale niliowauliza maswali. Mumoja akanitambua, akainamisha kichwa. Walichimba mpaka kiunoni, na jembe likagonga mbao. Wakasimama, wakatuangalia. Hakukuwa na pengine.

Mama akasogea ukingoni, akaongea na yule wa chini ambaye hatukumujua, mwanaume ao mwanamuke: "Utusamehe, ndugu. Tunakuletea mugeni. Si mutu wa makelele."

Halafu wakamushusha baba juu yake.

Mvua ikatukuta kwenye matanga. Bashi la kuazima lilikuwa limepasuka, wamama wakaanza kulowana, na mutu akasema: "Si kuko lile la zawadi?" Wakalitoa sebuleni, wakalifunga juu ya miti, maandishi upande wa chini. Basi tukakaa wote chini ya makaburi yangu, na vijia vyake na miti yake ya kivuli. Nikiinua macho, naona kijani, na juu ya kijani lile doa la mawese.

Baba mudogo akakohoa, njo namna ya kuomba neno mbele ya watu.

"Tusikate tamaa," akasema. "Siku njia itafunguka, tutaenda kwetu, tutakata mugomba, tutauvika lile koti lake la kanisa. Tutauzika pale alipojichagulia, karibu na mama yake. Njo desturi."

Watu wakaitika, iyo, iyo, vizuri. Mimi nikatikisa kichwa. Mugomba ni wa mutu aliyepotea. Baba hakupotea. Tulijua mahali alipo, na aliye chini yake.

"Mama yake hata hatajua," baba mudogo akaongeza, kama kunituliza. "Wafu hawaulizi."

Mama alikuwa amekaa kwenye mukeka, miguu imenyooka, macho juu ya lile doa.

"Atauliza," akasema. "Aliuliza kwa yule wa kwanza."