Printa Iliyokataa Babai

"Brinta yoyote ya nyumbani Garissa hii ikinishinda," Abdinoor alitangaza, kipaza sauti mkononi, kwenye harusi ya rafiki yake Mursal, "nitakaa sokoni na akina mama niuze maziwa ya ngamia kutwa nzima!"

Hakuna aliyemwomba hotuba. Alipewa kipaza sauti amwite mwenye gari lililoziba lango, akaona ni hasara kukirudisha kingali moto. Watu walicheka. Eddo Fosia, shangazi wa mtaa mzima na mwenyekiti wa akina mama wauza maziwa, hakucheka. Alimeza nyama yake, akaliweka neno lile pale anapoweka vitu visivyooza.

Abdinoor si mwongo, ieleweke. Ana bisibisi saba na kadi iliyoandikwa "Injinia," cheo alichojipa baada ya kuchoka kusubiri wa kumpa. Amefufua printa ambazo wenyewe walikuwa wameshazisomea dua. Mashine ikigoma popote mtaani Bulla Iftin huitwa yeye. Naye huja, huikodolea macho, husema "Aaah" kama daktari, kisha huagiza chai.

Miezi miwili baada ya harusi, saa tatu asubuhi, Eddo Fosia akampigia. Kikundi chake kilikuwa kinaomba jokofu la maziwa, na barua ya maombi ilitakiwa ifike ofisi ya kaunti kabla ya saa nane mchana. Barua ilikuwa kwenye laptopu. Printa ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bi harusi. Kati ya hivyo viwili hapakuwa na maelewano.

"Na waya wake, Eddo?"

"Mbuzi alikula mwaka jana. Tunatumia waifai."

"Aaah," alisema Abdinoor. Chai ikaja.

Laptopu ilidai printa haiko mtandaoni. Akabonyeza kuchapisha, kimya. Akaizima, akaiwasha, akabonyeza tena. Akatoa wino, akautikisa, akaurudisha, akabonyeza. Akafuta programu ya printa, akaiweka upya, akabonyeza na kubonyeza. Barua zikajipanga kwenye foleni kama watu wanaosubiri kitambulisho, na hakuna iliyoitwa.

"Twende tu saiba mjini tuchapishe," Eddo Fosia alisema, sauti yake laini kama siagi. "Si aibu."

"Saiba! Eddo, unataka nizikwe leo?"

Ilikaribia saa sita alipoinama na kuiona taa ya waifai ya printa ikipepesa kama jicho lenye mchanga.

"Mlibadilisha nenosiri?"

"Keinan alibadilisha, alipokuja likizo. Majirani walikuwa wanachota waifai yangu kama maji ya bomba."

Keinan, mwanawe, aliingiza nenosiri jipya kwenye laptopu ya mama, akarudi Takaba anakofundisha. Printa ikaachwa na lile la zamani, inabisha mlango uliobadilishwa kufuli. Wakampigia simu.

"Ni babai, walaal," Keinan alisema. "Babai, moja mbili tatu. Herufi ndogo zote. Naingia darasani." Simu ikakatwa.

Abdinoor akaandika babai123. Printa ikakataa. Akajaribu herufi kubwa. Ikakataa. Akaondoa nambari, akazirudisha, akasema bismillahi. Ikakataa. Keinan naye hakushika simu tena. Saa saba kasoro jasho lilikuwa limefika kwenye mkanda.

"Brinta hii imekufa, Eddo. Ni ya kuzika."

"Babai ni nini?" aliuliza Eddo Fosia.

"Ni tunda. La njano, lina mbegu nyeusi."

"Tunda nalijua. Nimekuuliza babai ni nini."

Akachomoa karatasi moja kwenye printa, akaining'iniza mbele ya mdomo wa Injinia. "Sema."

"Babai."

Karatasi haikutikisika hata unywele. Eddo akaileta mbele ya mdomo wake mwenyewe. "Papai!" Karatasi ikaruka kama imepigwa kofi.

"Kisomali chetu hakina P, waryaa. Mimi nilikaa miaka miwili ngumbaru, darasa la watu wazima. Mwalimu alinisimamisha na karatasi kama hii mpaka midomo ikavimba. Andika kwa P. Zote mbili."

Aliandika. Taa ikatulia. Printa ikakohoa, ikatoa barua. Ikatoa nyingine. Na nyingine. Foleni yote ikasikia jina lake: nakala kumi na nne, zingetosha kaunti kubandika moja kila mlango.

"Nimeitengeneza!" Abdinoor aliruka.

"Nani?"

"Tume... tumeitengeneza."

"Harusini nilikaa karibu na spika," Eddo Fosia alisema, akiikunja barua moja kwenye bahasha. "Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Njoo na kiti chako."

Barua ilifika kaunti saa saba na nusu. Na Alhamisi Abdinoor akafika sokoni na kiti chake, akaketi nyuma ya mitungi ya njano, katikati ya akina mama waliokwisha kuandaa karatasi. Kila mteja alipofika, Injinia alishikiwa ile karatasi mdomoni, aseme "papai" kwanza ndipo aruhusiwe kupima. Saa nne karatasi ikatikisika pembeni kidogo, na soko zima likapiga vigelegele. Mursal alikuja na simu, akarekodi yote, kisha akauliza bei.

Lita moja ya maziwa ya ngamia, Injinia alimjibu, ni shilingi mia moja na ishirini.