Part two ya horror iliyookoa banda letu la video Ifakara, na part one hatukuwa nayo

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo.

Nimeona humu mnabishana kwamba sequel za horror ni takataka. Nimesoma comments zote nikacheka peke yangu. Ngoja niwape ya kwangu, na chumvi sitaongeza, maana watu wa Lipangalala, palepale Ifakara, mmo humu na mtanisuta.

Miaka ya tisini mwishoni, mvua za El Nino zimeshapita, mjomba wangu alikuwa na banda la video pale Ifakara, upande wa Kibaoni. Mabati, mabenchi ya mbao, TV moja, deki moja, na jenereta nje inayonguruma utadhani ina ugomvi na sisi.

Mtafsiri nilikuwa mimi. Nakaa kwenye stuli pembeni ya TV, nawapa watu kwa Kiswahili wanachosema wazungu. English yangu ilikuwa ya form four ya kuungaunga, ila sauti ninayo. Niliipenda ile kazi kuliko kitu chochote. Shule ilinishinda, jembe nilikuwa nalikwepa, pale kwenye stuli ndipo nilipojiona mtu.

Sasa watu wakaichoka mikanda yetu ya ngumi, mabenchi yakabaki matupu. Mjomba akatangaza kwamba anakwenda Dar kuchukua mkanda mmoja mpya. Huo nao ukikataa, banda linageuka ghala la mpunga, na mimi narudi shamba.

Kufika Kariakoo, akakuta mikanda miwili ya horror inayofanana, mmoja una namba 2. Mjomba ni mkulima. Kwake mbegu yenye namba mbili ndiyo iliyoboreshwa, ile ya kwanza ni ya kizamani. Akanunua part two peke yake, akarudi anatabasamu.

Stori yenyewe: muuaji kavaa gunia usoni, ana kisu, anawamaliza vijana wa chuo. Shida ni kwamba vijana wenyewe wameshaangalia horror zote. Wanajua ukiingia stoo peke yako umekwisha. Wanabishana nani atafuata kufa, na wanasema wazi kwamba part two huwa mbovu. Yaani filamu inajisema yenyewe. Leo mnaita self-aware, sisi tuliona wendawazimu mtupu.

Ijumaa tukaionyesha, watu wakatoka. Si kwa woga, kwa hasira. Kijana wa kwanza kauawa, rafiki yake kasimama juu ya maiti anatoa vichekesho. Mzee mmoja Msukuma, mfugaji, mteja wetu mzuri kabisa, aliniambia kwa upole nisimletee tena filamu za watu wasiofundwa.

Mjomba alianza kupima sakafu kwa hatua, anakadiria magunia ya mpunga. Niliumia, wakuu, usingizi sikuupata.

Jumamosi saa tisa mchana tukajaribu mara ya mwisho. Waliokuja ni wachache, mmoja wao Mama Anjelina, Mpogoro, muuza vitumbua wa mlangoni kwetu. Huyu mama akiinuka, nusu ya banda inainuka naye.

Ikafika palepale pa maiti. Mama Anjelina akasimama, akakung'uta kanga.

"Huyu mtoto hana adabu," akasema. "Mwenzake hajafunikwa hata shuka, yeye anachekelea."

Sijui ilinitoka wapi. "Mama, usimlaumu. Huyo ni mtani wake."

"Mtani wa wapi?"

"Yeye Mngoni. Marehemu ni Mpogoro mwenzako."

Kwa msiotoka kwetu: Mngoni na Mpogoro ni watani, na msibani mtani ana ruhusa zote. Babu yangu, Mpogoro, alipofariki, mtani wake Mngoni alivaa kofia ya marehemu, akapita katikati ya waombolezaji anakohoa kama yeye, anadai ugoro. Bibi alikuwa analia tangu alfajiri. Alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuna aliyeona tumekosewa heshima, maana heshima yenyewe ndiyo hiyo.

Mama Anjelina akakaa. "Basi aendelee, tumsikie."

Hapo nikafunguka. Kila kijana nikampa kabila na mtani wake. Part one ambayo hatukuwa nayo nikaiita msiba wa kwanza, na hakuna aliyeuliza zaidi. Watu wakaanza kuijibu TV, wanamwonya huyu, wanamtania yule aliyekufa kizembe. Yule mzee Msukuma alisikia kelele akiwa njiani, akaingia, akapata kiti cha mbele.

Katikati Mama Anjelina akamnyooshea kidole dada mmoja mpole, anayelia vizuri kila mtu akifa.

"Huyu hana mtani," akasema. "Hatanii, hataniwi. Msibani kafuata nini?"

Walimbishia banda zima. Mimi niliyekuwa nimeshaiona nilijiuma midomo.

Gunia likavuliwa. Ni yeye, yule dada.

Wakuu, benchi mbili zilivunjika. Mama Anjelina alibebwa juu juu mpaka nje, anacheka na kutukana, huku watu wa barabarani wanauliza nani kaolewa. Tukairudisha mwanzo jioni ileile, mlango haufungiki. Wiki zilizofuata walikuja mpaka kutoka Sanje. Mpunga wa mjomba ukaenda kulala kwa jirani, na mimi nikabaki kwenye stuli yangu miaka mingi.

Part one nilikuja kuiona baadaye sana. Ni nzuri, inatisha. Basi.

Ile ya pili bado naiangalia, na wanangu wanaijua kwa moyo. Nilichojifunza ni kwamba cha kukutisha ukishakizoea kinaishiwa nguvu. Kikikutisha halafu kikakutania, unakirudia hata ukijua mwisho, kama tunavyokwenda misibani na mwisho wa kila mmoja tunaujua. Siku yangu ikifika, Wangoni mje, na mkilia vizuri tu nitawashuku.

Wanaosema part two huwa mbovu, karibuni hapa chini tutaniane. Na banda la kwenu, nani alikuwa anatafsiri?