Mfungueni, Mama Amwone

Wodi yetu ya wazazi ina mazoea ambayo hakuna aliyeyaandika popote. Mtoto akizaliwa na kasoro, anaviringishwa shuka mpaka kidevuni, mama anaonyeshwa uso, anapewa hongera, basi. Mengine atajionea mwenyewe nyumbani. Wenzangu wanaita huruma. Muuguzi tuliyembandika jina la Mama Fungua anaita woga, na anasema hivyo mbele ya yeyote.

Ni mfupi, amejaa kidogo, na sauti yake hufika wodini kabla yake. Hamung'unyi maneno. Daktari mmoja aliwahi kumwomba apunguze sauti, akajibu kwamba hata watoto wanaozaliwa humu hawapunguzi. Tulicheka mpaka daktari naye akacheka.

Kilichomfanya awe hivyo ni mtoto mmoja wa zamani, aliyezaliwa nyayo zimegeukia ndani. Walimfunga vizuri, wakampongeza mama, wakamruhusu aende. Yule mama alipomfungua nyumbani alishikwa na aibu, akamficha chumbani. Aliporudi naye hospitali, mtoto alishaanza kutembea kwa pembe za miguu. Miguu ile ingeanza kunyooshwa kwa plasta tangu akiwa mchanga! Mama Fungua alilia siku hiyo amesimama kwenye sinki, akanawa uso, akarudi kazini. Tangu hapo hakuna mtoto anayefungwa kabla mama hajamwona, maadamu yeye yuko zamu.

Asubuhi ninayoisimulia tulikuwa zamu pamoja. Binti mmoja, uzazi wa kwanza, alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima. Mkono wake wa kushoto uliishia chini kidogo ya kiwiko, ngozi imefunga laini, na pale mwisho palikuwa na vivimbe vidogo kama punje, mahali vidole vilipojaribu kuota. Mkuu wa zamu aliniashiria kwa macho nilete shuka.

Meza ya mizani, alipolazwa mtoto, iko karibu na mlango, na mama mkwe wa yule binti alikuwa ameshachungulia. Akaona. Akamshika Mama Fungua kiwiko.

"Nesi, mwanangu, nakuomba. Mfunge tu. Mama yake bado mdogo, hataweza. Tutamwambia taratibu nyumbani."

"Taratibu lini, mama?"

"Akishapata nguvu."

"Na akimkataa huko nyumbani, akagoma kumnyonyesha, mtamwita nani? Hapa akilia niko naye. Akizimia, kitanda kiko chini yake."

Mkuu wa zamu akakohoa. "Sista, msikilize mzazi."

"Mzazi ni yule aliyelala pale," akasema, akamnyanyua mtoto.

Alimlaza kifuani kwa mama yake hivyo hivyo, mgongo tu umefunikwa asipate baridi. Akaanza anavyoanza siku zote, kichwani kwenda chini, kwa sauti ile ile moja.

"Huyu ni binti yako. Nywele zote hizi kakuibia wewe. Macho haya. Mkono wa kulia, vidole vyote vipo. Mkono wa kushoto umeishia hapa. Amezaliwa hivyo, na hautaota. Hukufanya kosa lolote. Tumbo hili. Miguu hii, ona anavyokupiga mateke."

Binti aliutazama mkono ule, kisha akageuzia uso ukutani.

"Si nilisema?" mama mkwe akalia mlangoni. "Si nilisema mimi?"

Kusema kweli, wakati ule nilimchukia Mama Fungua. Mtoto alikuwa akipiga kelele juu ya mama asiyemtazama, na yeye amesimama tu, kiganja kimemwegemeza mtoto asianguke. Hakubembeleza wala hakuhubiri. Nilitamani niingilie kati nimchukue mtoto, lakini jicho alilonitupia lilinigandisha.

Kisha sauti ikatoka kule ukutani.

"Atanyonyaje?"

"Kwa mdomo, kama wenzake."

Binti akacheka. Kilikuwa kicheko kilichochanganyika na kilio, machozi na kamasi vyote pamoja, lakini alicheka, na uso ukageuka. Akagusa mwisho wa ule mkono kwa kidole, punje moja moja.

"Panamuuma?"

"Hapamuumi. Hana hata habari."

Akamsogeza mtoto kwenye titi. Mtoto akahangaika, akalikosa, akalipata, na kelele zikakatika.

Mama mkwe akaja polepole, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akanyoosha kidole kwenye mkono wa kulia, mtoto akakikamata. Bibi akatabasamu kidogo.

"Na huu, mama," binti akasema.

Mama mkwe akajifanya hakusikia.

"Ushike na huu. Usipoushika wewe, nani pale nyumbani ataushika?"

Mama mkwe akamtazama mkwewe, akamtazama Mama Fungua, asipate wa kumwokoa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaupokea ule mkono mfupi kwa viganja vyote viwili.